Mahindi Chotara Si Mbegu ya Mwakani

Ndugu wakulima wa Ngaramtoni, mahindi chotara mliyovuna msiyafanye mbegu ya mwakani, hata yakiwa manono namna gani. Sababu ni hii. Kila chembe ya mmea wa mahindi ina nyuzi 20 za urithi, ziitwazo kromosomu: 10 za baba na 10 za mama. Mmea unapofanya chavua na mayai yake, nyuzi hizo hulala mbili mbili, hubadilishana vipande, kisha huachana. Kila yai hupata 10 tu, zenye mchanganyiko mpya. Kwa hiyo watoto hawafanani na mzazi: huyu ana nguvu, yule dhaifu, na mavuno hupungua. Mahindi hayo yaleni au yauzeni. Kabla ya masika nunueni mbegu mpya. Atakaye kujiwekea mbegu, na apande aina isiyo chotara.