Nembo ni Maneno Kabla ya Kuwa Picha

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa Mkutano Mkuu, siku ya kuadhimisha miaka kumi



Katika miaka hii kumi tumezungumza sana habari za mizani, mbolea na bei. Leo nimepewa nafasi ya kusema juu ya nembo ya Chama chetu, jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya hayo. Lakini mkulima aliyengojea fedha zake msimu uliopita hataliona dogo. Magunia ya vyama vyetu viwili vya msingi yaliwekwa kando ghalani kwa kuwa alama zilizopigwa juu yake hazikufanana: moja ilikuwa na jembe kuumeni mwa tawi la kahawa, nyingine kushotoni, moja ya kijani, nyingine ya buluu. Mnunuzi akauliza kahawa hii ni ya nani. Hata swali hilo lilipopata jibu, wiki tatu zilikuwa zimepita, na karo za watoto hazikungoja.

Wachoraji wetu hawana hatia. Kila mmoja aliambiwa achore jembe na kahawa, naye akachora. Kilichopungua ni maneno.

Wenzetu wa Ulaya walilitambua jambo hili zamani. Tangu karne ya 12, wapiganaji waliovaa kofia za chuma zilizofunika nyuso walijulikana kwa michoro ya ngao zao. Hapo ikazuka elimu ya ngao, na msingi wake ni huu: ngao huelezwa kwa maneno yaliyokubaliwa, na maneno hayo ndiyo yenye nguvu kuliko picha yoyote. Wachoraji wawili wanaweza kutofautiana mikono yao, lakini wote wawili wakiyafuata maneno, ngao ni ile ile moja. Elimu ya bendera ni ndugu mdogo wa elimu hiyo. Jina lake la kitaalamu, veksilolojia, lilitungwa na Mmarekani Whitney Smith katika miaka ya 1950.

Basi tujifunze maneno machache. Uso wa ngao huitwa uwanja, na kitu kilichochorwa juu yake ni alama. Watu au wanyama wanaoishika kwa pande mbili ni washika ngao. Maneno yaliyoandikwa katika utepe ni kauli, kama vile "Uhuru na Umoja" katika Ngao ya Taifa ya Tanzania, au "Harambee" katika ile ya Kenya. Na sasa angalieni sana: kuume na kushoto kwa ngao ni kwa yule aliyeishika, wala si kwa anayeitazama. Katika ngao ya Uganda, paa yuko kuume na korongo yuko kushoto, ingawa sisi watazamaji tunamwona paa upande wa mkono wetu wa kushoto. Ugomvi wetu wa jembe ungalikwisha siku ile ile kama kanuni hii ingalijulikana.

Bendera nayo ina maneno yake. Sehemu iliyo karibu na mti ni upande wa mlingoti, na ile ya mbali ni upande wa kupepea. Ukisema kwamba bendera ya Tanzania ina mkanda mweusi wa mshazari, hujamaliza, kwa maana mishazari ni miwili. Sema kwamba mkanda huo watoka pembe ya chini upande wa mlingoti, wapanda hata pembe ya juu upande wa kupepea, kijani kikiwa juu na buluu chini. Hapo hata fundi asiyepata kuiona ataishona sawasawa.

Kuhusu rangi, elimu ya ngao huhesabu manjano na nyeupe kuwa madini, yaani dhahabu na fedha, na nyekundu, buluu, nyeusi na kijani kuwa rangi. Kanuni yasema usiweke rangi juu ya rangi, wala madini juu ya madini, kwa sababu ukiwa mbali hutaweza kuzipambanua. Tazameni bendera ya Tanzania ya mwaka 1964: mkanda mweusi umetengwa na kijani na buluu kwa kingo za manjano. Tazameni na ile ya Kenya ya mwaka 1963: nyeusi, nyekundu na kijani zimetengwa kwa mistari myeupe. Kahawa mbivu nyekundu tuliyoichora juu ya uwanja wa kijani inavunja kanuni hii, na ndiyo maana ukiwa hatua hamsini waona doa jeusi tu.

Ndugu wajumbe, msidhani kwamba mambo haya ni ya wafalme peke yao. Katika Ngao ya Taifa ya Tanzania mna jembe na shoka, na miguuni pa washika ngao, mwanamume na mwanamke, pana karafuu na pamba. Uganda imeweka kahawa na pamba. Kenya imeweka kahawa, chai, pareto, mkonge, mahindi na mananasi. Jasho la mkulima limeingia katika ngao za mataifa matatu.

Tena ushirika wenyewe una somo lake. Mwaka 1925 Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika uliikubali bendera ya rangi saba za upinde wa mvua. Ilikuwa nzuri, lakini baadaye vikundi vingine visivyo vya ushirika vikapeperusha rangi hizo hizo, na mwaka 2001 bendera ile ikabadilishwa. Alama isiyomtenga mwenyewe na wengine imekwisha kazi yake.

Kwa hiyo, kwa idhini ya Halmashauri, naleta mbele yenu azimio hili liandikwe katika masharti ya Chama: "Nembo ya Chama ni ngao yenye uwanja wa kijani, juu yake tawi moja la kahawa lililosimama, la rangi ya dhahabu, lenye majani manne, kuumeni mwa tawi pana jembe jeupe, mpini ukielekea chini." Kila chama cha msingi kipewe nakala ya maneno haya pamoja na kigezo kimoja cha bati cha kupigia magunia, na asiwepo mtu wa kuyabadili ila Mkutano Mkuu.

Mali bila daftari huisha bila habari. Nembo yetu ni mali, nayo iandikwe.

Udumu Ushirika!