Tupunguze Milango, Tusipunguze Macho

Kabla ya mwaka 2019, msindikaji mdogo wa unga nchini Tanzania alikuwa na wakubwa wawili kwa pakiti ileile: Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwa usalama wa chakula, Shirika la Viwango (TBS) kwa ubora. Fomu mbili, ada mbili, wakaguzi wawili. Mwaka huo, chini ya mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, MKUMBI, udhibiti wa chakula ukahamia TBS, na TFDA ikawa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba.

Hiyo ndiyo nafuu ya kweli: kuondoa kazi iliyorudiwa, si kazi yenyewe. Maana mwaka 2016, sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Sumu ile haionekani kwa macho, na kuichemsha hakuimalizi. Mama anayesonga ugali hana maabara jikoni; anamtegemea mkaguzi.

Kwa hiyo wafanyabiashara wanapolilia utitiri wa tozo, wasikilizwe. Lakini kila kibali kiulizwe: kinamkinga nani, na dhidi ya nini? Kisicho na jibu zaidi ya kujaza mfuko wa taasisi, kifutwe. Chenye jibu kibaki, kitolewe haraka na kwa gharama nafuu, na ukaguzi uelekezwe kwenye hatari kubwa: ghala la mahindi kabla ya duka la madaftari.

Taasisi inayoishi kwa ada za wale inaowakagua itashawishika daima kuziongeza. Serikali iigharamie kazi ya ukaguzi kwa bajeti, kwa sababu anayelindwa ni mwananchi.