Kompyuta Inayochelewa Baada ya Kuwashwa



Mtu huwasha kompyuta nyumbani, picha ikatokea kwenye kioo, kisha kila anachobonyeza hakijibu kwa muda wa dakika kumi. Husema imezeeka, akaanza kukusanya fedha za kununua nyengine. Kuitupa kabla ya kuichunguza ni israfu.

Mara nyingi kinachoilemea ni programu zinazojiwasha pamoja nayo bila ya kuombwa. Kwenye Windows 10 au 11, bonyezeni kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, kisha ingieni sehemu ya Startup. Zizimeni msizozihitaji kila siku. Kuzizima hapo si kuzifuta. Kinga ya virusi iacheni. Na zile programu za bure zinazodai kuharakisha kompyuta mimi sizipendekezi, kwani nyingi huongeza mzigo.

Ikiwa hali ni ile ile, itazameni diski. Ikibaki kwenye asilimia 100 kwa muda mrefu, nayo ni ya kuzunguka, huenda imechoka au imeharibika. Umeme unaokatika ghafla huidhuru, na sisi Pemba tunaujua tangu enzi za majenereta ya Wesha, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika mwaka 2010. Fundi akiweka ya aina ya SSD, kompyuta kongwe huamka upesi. Lakini kabla hajaifungua, nakilini kwanza hati za shamba, vyeti vya watoto na picha za wazee. Diski ikifa, huenda zisirudi.