Flashi ikisema imejaa, tusikimbilie kuifomati

Wapendwa wanachama wa Butembo na Beni, na nyinyi wafadhili wetu,

Tunaongea juu ya kitu kidogo: flashi. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 huku Beni, jamaa zinakimbia, zinarudi, zinakimbia tena. Orodha ya waliorudi, nani amepata jembe na mbegu, nani bado, inasafiri kati ya miji yetu miwili ndani ya flashi, juu intaneti na umeme haviko kila siku.

Sasa flashi inasema imejaa, wakati tumekwisha kufuta faili nyingi. Wengine wanataka kuifomati. Hapana! Jina likipotea, siku ya kugawa kuna mama atarudi mikono mitupu. Kwanza tunakili yote katika kompyuta, halafu tunatafuta sababu.

Sababu ya kwanza ni takataka. Ukifuta faili ya flashi, Linux mara nyingi haiitupi. Inaiweka palepale kwenye flashi, katika folda iliyofichwa,.Trash-1000. Ndiyo maana nafasi hairudi. Fungua flashi, bonyeza Ctrl na H, utaiona. Kama ndani hamna kitu cha lazima, ifute kwa Shift na Delete.

Ya pili: flashi ilichomolewa mbio, ao umeme ulikatika wakati inaandika. Kuna vipande vinahesabiwa kuwa vimejaa, lakini faili yake haiko. Kama flashi ni ya FAT32, tafuta jina lake kwa lsblk, itenge kwa umount, kisha andika:

sudo fsck.vfat -a /dev/sdb1

Hiyo sdb1 ni mfano tu. Hakikisha jina mara mbili, usiguse diski ingine. Mabaki yakitokea kama FSCK0000.REC, yaangalie mbele ya kuyafuta.

Ya tatu si ugonjwa. Flashi ya GB 16, ukiipima kwa df -h, inaonyesha karibu 14,9: kiwanda kinahesabu kwa 1000, df -h kwa 1024. Hakuna mwizi.

Basi, sekretere wote, tusichomoe flashi mpaka kompyuta iseme tayari. Wafadhili, risiti zenu na majina ya waliopokea vinakaa mule mule. Kuchunga flashi ni kuchunga watu.