Uanachama na Ushawishi: Baraza la Mahusiano ya Kigeni la New York

Baraza la Mahusiano ya Kigeni lilianzishwa New York mwaka 1921. Chimbuko lake ni Mkutano wa Amani wa Paris wa 1919, ambako wataalamu wa Marekani na Uingereza waliofuatana na wajumbe wa serikali zao walikubaliana kuendeleza mijadala yao hata baada ya mkutano kwisha. Waingereza walitangulia mwaka 1920 kwa kuunda taasisi inayojulikana leo kwa jina la jengo lake, Chatham House. Wamarekani waliungana na mawakili na wenye mabenki wa New York, na Elihu Root, waziri wa zamani wa mambo ya nje, akawa rais wa heshima. Hivyo msomi na mwenye fedha walikuwa pamoja tangu mwanzo, na hilo linaeleza mengi ya yaliyofuata.

Ada peke yake haimwingizi mtu barazani. Sharti awe raia wa Marekani, au mkazi wa kudumu aliyekwisha kuomba uraia. Tena apendekezwe na mwanachama, na wengine wamuunge mkono kwa barua. Wanachama sasa ni takriban 5,000, wakiwemo mawaziri wa zamani, majenerali, wakuu wa makampuni, maprofesa na wahariri. Baraza lenyewe halitoi msimamo rasmi kuhusu sera yoyote. Kwa hiyo anayetafuta nguvu zake katika maazimio hataziona. Nguvu hizo zimo katika mazungumzo ya watu ambao jana walikuwa serikalini na wale watakaoingia kesho.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa miaka ya Vita Kuu ya Pili. Vita vilipoanza Ulaya mwaka 1939, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa na wachambuzi wachache mno. Baraza lilijitolea kuifanya kazi ya uchambuzi, Wakfu wa Rockefeller ukagharamia, na hadi 1945 vikundi vyake vilikuwa vimeiandikia wizara nyaraka 682. Mojawapo, ya Machi 1940, ilichambua umuhimu wa Greenland. Mwezi uliofuata Ujerumani iliivamia Denmark, mtawala wa kisiwa hicho. Baadaye baadhi ya waandishi wa nyaraka hizo waliingizwa wizarani, wakapata kuzishughulikia kiserikali hoja walizozijenga wakiwa nje.

Jarida la baraza, Foreign Affairs, lilianza 1922. Julai 1947 lilichapa makala iliyotiwa saini ya herufi X tu, ikishauri upanuzi wa Urusi ya Kisovieti uzuiwe kwa subira na uthabiti. Mwandishi alikuwa George Kennan, ofisa wa wizara, ambaye Januari ya mwaka huo alikuwa amezungumza na wanachama. Henry Kissinger, aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje, naye alijulikana kwa kitabu cha 1957 kuhusu silaha za nyuklia, kilichotokana na kikundi cha utafiti cha baraza. Julius Nyerere, rais wa Tanzania, alilitumia jarida hilo Aprili 1966 kuieleza hoja ya Afrika kuhusu Rhodesia, koloni la Uingereza ambalo leo ni Zimbabwe, miezi michache baada ya Tanzania kuvunja uhusiano na Uingereza kwa suala hilo. Alijua wasomaji wake ni akina nani. Lakini aliwafikia kama mgeni, kwani uanachama haukuwa wa watu wa mataifa mengine.

Ndani ya Marekani kwenyewe mlango ulikuwa mwembamba. Wanawake walikaa nje kwa karibu nusu karne, na hiyo haikuwa kasoro ndogo, kwa kuwa aliyenyimwa uanachama alinyimwa pia njia ya kufahamika kwa wateuzi wa serikali. Hata waliokuwa ndani hawakuwa kitu kimoja: Vita vya Vietnam viliwagawa wanachama waziwazi. William Bundy, aliyeshiriki kupanga vita hivyo akiwa serikalini, alipoteuliwa kuwa mhariri wa jarida mwaka 1971, baadhi yao walipinga hadharani. David Rockefeller, mwenyekiti wa baraza, aliutetea uteuzi huo. Bundy alishika uhariri mwaka uliofuata na kubaki nao hadi 1984.