Mkono Nao Husoma



Nimetakiwa niseme machache juu ya kuwafundisha watoto Kiswahili na hesabu huku ugenini. Mimi si mwalimu. Nilitumikia serikali, kwanza Mombasa na kisha Uingereza, hadi nilipostaafu; na ofisini mtu mwema ni yule akaaye kimya mezani pake. Kwa kipimo hicho nilimhukumu mjukuu wangu.

Alikuwa na umri wa miaka 7. Kila Jumamosi nilimkalisha mbele ya daftari. Hazipiti dakika tano, yuko chini ya meza. Nikamwita mvivu mbele ya dada zake. Siku moja akaniambia, "Babu, Kiswahili ni cha wenye akili." Neno hilo lilinichoma, kwani aliyemfundisha hivyo ni mimi.

Ndipo nilipoliteremsha bao langu. Lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Nikamwambia atie kete nne katika kila shimo la safu moja, kisha azihesabu zote. Akahesabu kwa Kiswahili hadi 32, akacheka. Juma lililofuata alizigawa kete hizo kwa watu wanne, kisha akaandika daftarini alichokitenda. Hakulazimishwa.

Katika lugha nilifuata njia iliyoenezwa na mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, tangu miaka ya 1960: mtoto husikia amri na kuitenda. Simama. Chukua kikombe. Mimina maji. Mpelekee bibi. Akishazoea, yeye huamuru na babu hutii. Hapo ndipo ulimi wake hufunguka. Na kwa wadogo wanaoanza kusoma, Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, aliwapa herufi za karatasi ya msasa wazifuatishe kwa kidole. Sinia ya mchanga yatosha.

Lakini natahadharisha. Wako wasemao kwamba kila mtoto ana mtindo wake mmoja wa kujifunza: wa macho, wa masikio au wa viungo. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu waliupima ushahidi, wakaona hautoshi kutufanya tuwagawe watoto hivyo. Basi tusiufute muhuri wa uvivu tukapiga mwingine. Hata dada zake, walio watulivu, waliifahamu hesabu ya kugawa kwa kete zile zile.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilidhani kukunja ni kukalisha.

Ombi langu ni kila nyumba itenge nusu saa kwa juma, mikono ya watoto ifanye kazi na Kiswahili kisemwe: jikoni, bustanini au penye bao.

Mjukuu wangu yumo ukumbini humu. Nilimwita mvivu mbele ya watu; namwomba radhi mbele ya watu.