Kutengeneza Hita ya Motokaa Nyumbani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Migori na Homa Bay)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo moja la motokaa. Labda wengine watauliza, watu wa reli na motokaa wapi na wapi? Jawabu ni fupi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini Migori na Homa Bay haijafika hata leo. Zamani meli za reli zilikuja Homa Bay zikachukua watu na mizigo. Siku hizi sisi tuliozaliwa pande hizi, tukitoka kazini Kisumu kwenda nyumbani, twategemea barabara. Wengi wetu tumekopa katika chama cha akiba na mikopo, tukanunua motokaa ya mtumba kutoka Japani. Motokaa hiyo ndiyo gari la sokoni, ndiyo gari la mazishi, na usiku ndiyo gari la wagonjwa. Ikifa, deni halifi nayo.

Basi sikilizeni yaliyompata mwenzetu mmoja. Kila asubuhi maji ya motokaa yake yalikuwa yamepungua, na chini ya injini hapakuwa na tone. Alituuliza, nasi tukamjibu kama watu wanaojua: "Ongeza maji, ndugu, uende zako." Akaongeza maji wiki nyingi. Zulia la upande wa abiria likaloa, akadhani ni mvua.

Siku moja alikuwa anampeleka mama yake hospitali, kutoka Awendo kwenda Homa Bay. Walipokwisha kupita Rongo mvua ilinyesha, na kioo cha mbele kikajaa ukungu. Akafungua hita apate kukausha kioo. Mara maji ya moto yakamwagika miguuni pa mama. Akasimama, akamfunga miguu kwa leso, akaendelea mbio. Alipotazama mshale wa joto aliona unashuka, akafurahi kwamba injini imepoa. Kumbe mshale ule hupima joto la maji, na maji yakiisha hauna cha kupima. Baada ya maili chache injini ilikufa.

Mama alifika hospitali kwa pikipiki, na twashukuru alipona. Lakini kichwa cha silinda kilikuwa kimepinda, na mwenzetu alilipa deni mwaka mzima kwa motokaa iliyosimama chini ya mwembe. Kosa halikuwa lake peke yake. Sisi tuliomwambia aongeze maji tulikuwa na sehemu yetu. Ndiyo sababu tumesimama hapa.

HITA NI KITU GANI?

Hita ni rejeta ndogo, ukubwa wake kama kitabu kinene, iliyofichwa ndani ya dashibodi. Maji ya moto hutoka katika injini kwa paipu moja, hupita katika vijibomba vyake, na kurudi kwa paipu ya pili. Feni hupuliza hewa juu yake, na hewa hiyo ya moto huja kwetu. Motokaa hizi zilitengenezwa kwa nchi yenye theluji. Sisi wa kando ya ziwa twasema hita ya nini? Lakini katika motokaa nyingi maji hupita humo hata kama hatuitaki. Na wakati wa mvua, kama mashine ya baridi haifanyi kazi, hewa ya hita ndiyo hukausha kioo upesi.

DALILI ZAKE

Kwanza, maji yapungua na nje hapavuji. Pili, zulia la mbele limeloa, na maji yake yateleza kidoleni au yana harufu tamu. Tatu, kioo chapata ukungu wenye mafuta usiofutika kwa urahisi. Msidanganyike na maji ya mashine ya baridi, ambayo pia huweza kuingia ndani mrija wake ukiziba. Hayo ni maji safi, hayana harufu wala rangi.

DAWA YA NJIANI

Mafundi wengi wakiona hita inavuja huziondoa zile paipu mbili na kuziunganisha pamoja kwa kipande cha bomba, maji yarudi katika injini bila kupita ndani. Hatuilaumu dawa hii. Yaweza kukufikisha nyumbani, na ni rahisi. Ila kumbukeni: kuunganisha, si kuziba. Katika injini nyingine njia hiyo ya hita ni lazima maji yapite, ili thamostati ipate kujua joto. Ukiziba huenda ukaiua injini uliyotaka kuiponya.

KAZI YENYEWE

Shuleni misheni tulifundishwa kwamba mtu huhesabu gharama kabla ya kuanza kujenga. Basi hesabu kwanza. Motokaa nyingine ukitoa kisanduku cha upande wa abiria, au kifuniko karibu na pedali, hita huchomoka kama droo. Nyingine sharti dashibodi nzima itoke, na hiyo ni kazi ya siku mbili. Tena ikiwa mabomba ya gesi ya mashine ya baridi yazuia njia, acha hapo, umwite fundi mwenye mashine ya kuitoa gesi. Gesi hiyo huunguza macho na ngozi.

Injini iwe baridi kabisa. Sisi tukaao kando ya ziwa tuko kiasi cha mita 1,134 juu ya bahari, na hapa maji katika sufuria huchemka karibu digrii 96. Lakini kifuniko cha rejeta hushikilia nguvu ya mvuke, maji yakafika digrii 110 na zaidi bila kuchemka. Ukikifungua kikiwa moto, maji huchemka mara moja na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Mtu wa reli hahitaji kuambiwa mara mbili juu ya mvuke.

Ondoa waya wa hasi wa betri, ungoje dakika kumi na tano kabla ya kugusa dashibodi, kwa sababu ya mifuko ya hewa ya usalama. Nyaya zake mara nyingi zina vishikizo vya rangi ya manjano. Usizichokoe wala kuzipima.

Kisha fungua maji yamwagikie karai. Legeza klipu za paipu mbili kwenye ukuta wa injini. Usivute kwa nguvu, bali zungusha paipu polepole. Ikigoma, ipasue kwa kisu kwa urefu wake, ununue mpya. Paipu ni rahisi kuliko hita mpya iliyovunjwa shingo.

Ndani ya gari, kila skrubu iwekwe katika kopo lake na kuandikwa ilikotoka, na kila hatua ipigwe picha kwa simu. Tumeona motokaa iliyorudishwa ikabaki na skrubu kumi na moja mkononi. Tandika magunia chini, kwa maana hita hutoka na maji yaliyobaki ndani yake.

Ukiipata mpya, iweke kando ya ile ya zamani na uzilinganishe: urefu, shingo, na mahali pa kushikia. Hita za zamani za shaba mafundi waliweza kuzichomea kwa risasi. Nyingi za leo ni aluminiamu, na kuzichomea hakudumu. Kabla ya kuifunga, ziba shingo moja, puliza hewa kidogo katika ya pili, uizamishe katika beseni la maji. Ikitoa mapovu, irudishe dukani ukiwa bado na risiti. Rudisha pia sponji zake za pembeni, ama hewa itapita kando na kioo hakitakauka.

MAJI NDIYO YALIYOOZA HITA

Ndugu, hapa ndipo penye neno letu kubwa. Ukiweka hita mpya na kumimina maji yale yale ya mtoni au ya kisima, umefanya kazi bure. Wazee wetu waliofanya kazi katika injini za moshi walijua kwamba adui wa boila ni maji mabaya. Maji yenye chumvi na chokaa huacha gome ndani ya mabomba, na kutu hula chuma taratibu. Vijibomba vya hita ni vyembamba sana, kwa hiyo huziba na kutoboka mapema.

Watu husema kulanti ni dawa ya nchi za baridi. Si kweli. Huko huzuia maji yasigande, na hapa kwetu huzuia kutu, hulinda pampu ya maji, na hufanya maji yachelewe kuchemka. Basi kabla ya kufunga hita mpya, pitisha maji safi katika injini mpaka yatoke meupe. Kisha tia kulanti iliyotajwa katika kitabu cha motokaa, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yasiyo na asidi wanayouza kwa ajili ya betri. Kama imekwisha kuchanganywa kiwandani, usiiongezee maji.

Washa injini, hita ikiwa kwenye moto, ungoje hewa iliyonaswa itoke. Hewa ya moto ikija ndani bila kukatika, umeshinda. Ikipoa kabisa, tazama maji tena na uongeze. Fanya hivyo asubuhi tatu.

Na yale maji ya zamani? Kulanti nyingi ni sumu, nayo ni tamu. Mtoto au mbwa akionja huweza kufa. Usiiache katika karai uani, usiimwage shambani wala ziwani. Itie katika debe lenye kifuniko, liandikwe SUMU, ulipeleke gereji inayokusanya maji hayo.

JUU YA MAFUNDI

Hatusemi haya ili kuwanyima mafundi wa jua kali mkate wao. Nao ni wafanya kazi kama sisi. Ijapokuwa hutashika spana hata mara moja, mtu anayejua kazi ilivyo hulipa bei ya haki, wala hadanganywi, wala hamlaumu fundi kwa kosa la maji yake mwenyewe.

Twatoa shauri moja. Seti ya spana, bisibisi ndefu, taa ya mkononi na karai si mali ya kumshinda mtu kumi wakichanga. Tuchange, sanduku likae kwa katibu, na kila anayelichukua atie sahihi. Tena asifanye kazi hii peke yake. Mmoja afungue, mmoja aandike skrubu.

Jioni ya leo kila mwenye motokaa, kabla ya kula, ainame aguse zulia la mbele kwa mkono wake. Likiwa limeloa, asituulize kama aongeze maji. Tulikwisha kulijibu swali hilo vibaya mara moja, na mama wa mwenzetu bado ana alama miguuni.